Je, wingi wa watu ndio unaomaliza miti? Ngitili zinatuambia nini

Karibu kila semina ya mazingira tunayoendesha hapa kwetu Shinyanga, kuna mshiriki anayesimama na kusema kwamba tatizo linajulikana: watu tumekuwa wengi. Mwingine humjibu kwa kutaja Mwanzo 1:28, na hapo mada ya miti inakuwa imekwisha.

Hoja hii si ya kupuuzwa. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania wapatao milioni 12.3, ile ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Ardhi haikuongezeka. Wataalamu nao hawakubaliani. Mwaka 1798 Thomas Malthus, kasisi wa Kianglikana nchini Uingereza, aliandika kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula. Mwaka 1965 Ester Boserup, mchumi wa Denmark, alisema kwamba watu wanapobanana ndipo hubuni njia bora za kulima.

Sisi tunayo historia yetu wenyewe. Misitu ya Usukumani haikumalizwa na wingi wa watu peke yake. Wakati wa ukoloni, maeneo makubwa yalifyekwa ili kuua mbung'o. Ikafuata pamba, na mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970 kaya zilihamishiwa katika vijiji vya Ujamaa, na ngitili nyingi zikabaki nyuma bila mwenyewe. Ngitili, kwa msomaji asiyeijua, ni eneo linalofungwa wakati wa masika ili nyasi zitunzwe kwa ajili ya mifugo wakati wa kiangazi. Nyasi zikipumzika, visiki navyo huchipua.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Ulinzi ulikuwa wa sungusungu na mikutano ya dagashida, na aliyeingiza ng'ombe kinyume cha utaratibu alitozwa faini. Sasa tuangalie idadi ya watu. Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla mikoa ya Simiyu na Geita haijaanzishwa mwaka 2012, ulikuwa na watu wapatao milioni 1.8 mwaka 1988 na milioni 2.8 mwaka 2002. Watu waliongezeka kwa zaidi ya nusu, na miti ikarudi. Kilichobadilika ni kwamba ngitili ilipata tena mwenyewe.

Nisieleweke vibaya. Baba mwenye ngitili ya ekari nane na vijana sita wa kurithi hawezi kuigawa ikabaki ngitili. Jambo hilo tunaliona. Lakini tunaona pia kwamba ngitili kubwa ni za wenye ng'ombe wengi, na kwamba mkaa unaochomwa vijijini unapikia watu wa mijini. Mama mwenye watoto saba anayeokota kuni kavu si yeye anayemaliza msitu.

Ndiyo maana nina wasiwasi uzazi wa mpango unapohubiriwa kama dawa ya mazingira. China ililazimisha sera ya mtoto mmoja tangu 1980 hadi ilipoiacha mwaka 2016, na wanawake wengi waliumizwa. Katika mkutano wa Cairo wa mwaka 1994, mataifa yalikubaliana kuweka mbele afya na haki ya wazazi kuamua wenyewe, badala ya kulenga tarakimu.

Katika semina moja mama mmoja aliuliza: "Mratibu, mnataka nipumzike kuzaa kwa ajili ya miti? Mimi nataka kupumzika kwa sababu nimechoka, na zahanati iko mbali." Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo mada ya uzazi hutolewa na muuguzi, siku ya pekee, kama suala la afya, naye huja na huduma yenyewe. Akina mama hujaa. Akina baba wengi bado huaga mapema, wakisema wanakwenda kuangalia ngitili.