Safari ya Juba: Viza iliondolewa, hatari ingalipo

MKENYA anayekwenda Sudan Kusini hahitaji tena viza. Nchi hizi mbili ziliondoleana sharti hilo mwaka 2021, miaka mitano baada ya Sudan Kusini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Fundi wa ujenzi kutoka Kiambu anaweza kuabiri ndege Nairobi asubuhi na kuwa Juba kabla ya chakula cha mchana.

Wepesi huo umewafanya baadhi ya wasafiri kudhani kwamba Juba ni kama Kampala au Arusha. Sivyo. Makubaliano ya viza yanahusu karatasi za kuvukia mpaka tu; hayasemi lolote kuhusu yatakayomkuta mtu akishavuka.

Tuanze na karatasi zenyewe. Kitambulisho cha taifa, ambacho humtosha Mkenya kuingia Uganda au Rwanda, hakikubaliwi Juba. Lazima uwe na pasipoti, na ni busara iwe na angalau miezi sita kabla ya muda wake kwisha.

Pili ni kadi ya manjano inayothibitisha kwamba umechanjwa dhidi ya homa ya manjano. Kadi hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, kwa hivyo anayekimbilia sindano usiku wa kuamkia safari amechelewa. Kwa upande mwingine, tangu Julai 2016 kanuni za Shirika la Afya Duniani zinaitambua chanjo moja kuwa ya maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Wapo wanaonunua kadi vichochoroni bila kudungwa sindano. Hao hujidanganya wenyewe, kwani mbu hasomi kadi.

Ukishafika, sheria inakutaka ujiandikishe na idara inayoshughulikia wageni katika muda wa siku tatu. Aidha, kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi. Kibali cha kazi ni jambo jingine kabisa, na mwajiri anayekwambia "njoo tu, tutayashughulikia huku" anapaswa kuyaandika hayo na kuyatia sahihi kabla hujaondoka nyumbani.

Sasa usalama. Mnamo Desemba 15, 2013, mapigano yalizuka Juba na katika muda wa siku chache yakawa yamefika Bor, Bentiu na Malakal. Serikali ya Kenya ililazimika kutuma ndege kuwaondoa raia wake. Julai 2016, wakati taifa hilo likitimiza miaka mitano ya uhuru, Juba ilishuhudia tena siku kadhaa za risasi na makombora.

Mara zote mbili mambo yaligeuka kwa saa chache, na safari za ndege za abiria zikakatizwa mapema. Ndiyo maana shauri la "hali ikichacha nitapanda ndege nirudi" halina msingi. Anayeishi Juba anahitaji maji, chakula na dawa za kumtosha siku kadhaa ndani ya nyumba, pamoja na pesa taslimu. Kadi za benki si za kutegemewa, nazo noti za dola zilizochakaa au za miaka ya zamani hukataliwa.

Mkataba wa amani wa Septemba 2018 ulipunguza vita lakini haukuvimaliza. Machi 2025 wapiganaji wa White Army waliuteka mji wa Nasir katika jimbo la Upper Nile. Mwezi huo huo Makamu wa Kwanza wa Rais, Dkt Riek Machar, aliwekwa katika kizuizi cha nyumbani, na Septemba mwaka huo akafunguliwa mashtaka yakiwemo ya mauaji na uhaini. Uchaguzi uliotarajiwa Desemba 2024 ulikuwa umeahirishwa hadi Desemba 2026. Msafiri asiyefuatilia habari hizi anapanga safari yake gizani.

Wanaotumia barabara wana hatari zao. Ile ya Nimule hadi Juba, yenye urefu wa kilomita 192, ni ya lami na ndiyo mshipa wa bidhaa zinazotoka Mombasa kupitia Uganda. Hata hivyo, Aprili 2021 madereva wa malori wa Kenya na Uganda waligoma kuvuka mpaka baada ya wenzao kuuawa na watu waliojihami kwa bunduki. Usisafiri usiku, wala usiiache barabara kwenda msituni hata kwa haja ndogo, kwani mabomu ya kutegwa ardhini ya vita vya zamani hayajaondolewa yote.

Simu nayo yaweza kukuponza. Kupiga picha hadharani kunahitaji kibali, na anayepiga picha wanajeshi, uwanja wa ndege au madaraja ya mto Nile anaweza kuzuiliwa. Ukisimamishwa kizuizini, sema kwa upole. Wakazi wengi wa Juba waliwahi kuishi Kakuma au Nairobi, na Kiswahili kimeokoa wengi pale Kiingereza kilipoonekana kuwa majivuno.

Kuhusu bima, soma maandishi madogo. Nyingi hazilipii madhara ya vita, na mgonjwa mahututi wa Juba mara nyingi husafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Familia isiyo na bima hubaki kuitisha harambee.

Kabla ya kuondoka, waachie wa nyumbani nakala ya pasipoti, jina la mwajiri na mahali utakapolala, kisha ujiandikishe na ubalozi wa Kenya mjini Juba. Kubalianeni pia mtapigiana simu siku gani, na baada ya kimya cha muda gani ndugu zako wataarifu ubalozi.