Babu Alikwenda Keya, Hakurejea

Watanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baadhi yao walikuwa askari wa kawaida wa K.A.R., jeshi ambalo wazee waliliita Keya. Kijana wa Mpanda alikuwa na safari ndefu hata kabla ya kuiona bahari, kwani reli ya kutoka Kaliua ilifika mji huo baada ya vita. Mbele yake kulikuwa na Uhabeshi, Madagaska au misitu ya Burma.

Wengine hawakufika huko. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walifariki watu wapatao 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hawakuoshwa, hawakuvikwa sanda, wala hawakuchimbiwa kaburi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu aliyekufa maji ni miongoni mwa mashahidi, hiyo ni faraja kubwa kwa jamaa zake.

Lakini nyumbani ulibaki mtihani. Mke ambaye mumewe hajulikani alipo hajui kama yeye ni mke au mjane. Imepokewa kwa Sayyidna Umar (r.a.) kuwa angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi. Wafuasi wa Imam Malik wameshika kauli hiyo. Imam Shafii, katika kauli yake ya baadaye, amesema angoje hadi ipatikane yakini. Mirathi nayo haigawiwi pasina yakini ya kifo au hukumu ya kadhi. Basi karatasi moja yenye jina, namba ya jeshi na tarehe iliweza kumfungua mjane na kuwapa mayatima haki yao.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu imo medali kuukuu au barua ya jeshi, muulize bibi angali hai. Andika jina la askari, la baba yake na la kijiji chake. Majina ya wengi wasio na makaburi yamechorwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita mjini Nairobi. Kisha ulizaneni: je, deni lake lililipwa? Shamba lake liligawiwa kwa warithi wote, wakiwemo mabinti?

Mwenyezi Mungu awarehemu. Amin.