Waya Uliokunywa Maji

Kilichonisimamisha mjini Mitunguu ni boksi. Nilikuwa nimefuata habari za soko la ndizi, nikaliona limetundikwa mlangoni pa duka, limeandikwa kwa herufi nyekundu: ANTENA YA DIJITALI. Fundi wa redio na televisheni aliyekaa kibarazani akaniona nalisoma, akacheka.

"Chuma hakijui dijitali wala analojia," akaniambia. "Kinajua urefu wake tu."

Maneno hayo yalinikaa rohoni. Jioni nikamfuata kwa nyanya mmoja upande wa mashamba, ambaye televisheni yake ilikuwa ikigandaganda kila mvua ikinyesha. Nyanya alikwishaweka kando pesa za mikungu ya ndizi anunue antena mpya. Ile ya zamani imefungwa kwenye mgrevilea ulio hai nyuma ya jiko. Gome limemeza nusu ya waya wa kufungia, na matawi yameota mbele ya antena kama pazia.

Fundi akapanda na kisu mfukoni. Kwanza alipima mikono ya antena kwa shibiri. Ile mirefu ya mawimbi ya VHF haina kazi tena, kwa kuwa ving'amuzi vyetu hunasa mawimbi mafupi zaidi ya UHF. Wimbi la megahezi 600 lina urefu wa nusu mita, na mkono wa antena unataka nusu ya hapo: sentimita 25, shibiri moja na ushehe. "Hii mifupi ni mizima," akasema kutoka juu. "Ingekuwa mirefu tu, ningekwambia utupe, nyanya."

Kisha akafungua kijisanduku cha plastiki pale waya unapoungana na antena. Jua la Mitunguu lilikuwa limepasua kifuniko. Nyigu wamejenga humo na kuhama. Akakata waya inchi moja, akanishushia kipande. Shaba nyeusi tii. Ule wavu unaozunguka plastiki nyeupe ya ndani ulipukutika unga wa kijani mkononi mwangu. Akakata tena: shaba kahawia, imefifia. Mara ya tatu, kiasi cha hatua moja kutoka mwisho, shaba ikatoka nyekundu, inang'aa.

"Unaona? Umekunywa maji. Yanaingia hapa juu, yanateremka ndani polepole kama mafuta kwenye utambi. Mtu analaumu antena, na mgonjwa ni waya."

Enzi za analojia ugonjwa huo ulijitangaza mapema: picha ilijaa chengachenga, mkaizoea, mkaendelea kutazama habari. Dijitali huficha udhaifu mpaka siku inapokatika. Mnakumbuka 2015, stesheni za Citizen, NTV, KTN na QTV zilipopotea hewani mwezi wa Februari katika mvutano wa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, na makataa ya dunia ya kuhama, 17 Juni, yakitukimbiza. Tulinunua chochote kilichoandikwa dijitali. Antena ngapi nzima ziliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu?

Fundi akakwangua viungo kwa msasa, akaunga, akazungusha utepe. Waya akauacha uning'inie chini ya kijisanduku kwa mkunjo kama shingo ya bata, ili matone yadondokee nje. Akafyeka matawi mawili, akaigeuza antena taratibu upande wa milima ya Nyambene.

"Hapo hapo!" nyanya akapaza sauti kutoka dirishani. "Usiguse tena, mwanangu!"

Ilikuwa kazi ya saa moja. Alilipwa pesa kidogo na kichana cha ndizi. Nikamwuliza kama kuuza boksi jipya kusingempa zaidi. "Kungenipa," akasema, akabeba ngazi. Atalipaje kodi ya kibanda kwa ndizi, sikupata jibu. Mgrevilea nao utaota matawi mengine, na majani mabichi yaliyolowa huyala mawimbi ya UHF.

Basi wewe unayepanga kununua mpya, panda kwanza na kisu. Kata waya hatua moja, utazame rangi ya shaba.