KUIONA SAUTI: MAWIMBI, MIPINDO NA UFUNDISHAJI WA MATAMSHI YA KISWAHILI

Utangulizi

Kila wanafunzi wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, hupokea kutoka kwao malalamiko ya aina moja: "Mwalimu, darasa lilinicheka." Mmoja wao, msichana hodari katika sarufi na fasihi, alikuwa akieleza mila za ndoa katika shule moja ya sekondari. Kila alipotaka kutaja mahari alitamka mahali. "Bwana harusi hulipa mahali," alisema, na darasa zima likaangua kicheko. Aliporudi aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Mwalimu, mimi nilijisikia nikisema mahari."

Hakuwa akijitetea. Sikio lake ndilo lililomwambia hivyo. Sasa ikiwa sikio la mwanafunzi halioni kosa, mwalimu anayerudia kumwambia "sikiliza vizuri" anamsaidia nini? Makala haya yanakusudia kueleza njia ya pili, nayo ni kumwonyesha mwanafunzi sauti yake kwa macho. Nitaanza na sauti yenyewe, kwa sababu wengi wetu tuliosomea lugha tulikimbia fizikia mapema, na tukifika kwenye fonetiki akustika huwa tunapita haraka haraka.

Sauti ni mtikisiko

Sauti haianzi bila kitu kutikisika. Ngozi ya ngoma hutikisika, uzi wa zeze hutikisika, na nyuzi sauti zilizomo kooni hutikisika. Mtikisiko huo huisukuma hewa na kuiachia, nayo hewa husukumana hadi sikioni kwa mwendo wa takribani mita 340 kwa sekunde. Hewa yenyewe haisafiri kutoka kinywani mwangu hadi sikioni mwako. Kinachosafiri ni msukumo, kama watu waliopanga foleni wanavyosukumana kila mmoja akiwa pale pale alipo.

Mambo mawili ya kukumbuka hapa ni haya. Kwanza, ukubwa wa mtikisiko ndio unaotupa sauti kubwa au ndogo. Pili, idadi ya mitikisiko katika sekunde moja, yaani marudio, ndiyo inayotupa sauti nyembamba au nzito. Kipimo cha marudio huitwa hezi. Sikio la binadamu husikia kuanzia kama hezi 20 hadi hezi 20,000, ingawa uwezo wa kusikia sauti za juu hupungua kadiri umri unavyosonga.

Mkebe wa mchanga

Darasani siku hizi sianzi na kompyuta. Naanza na mkebe wa maziwa ya unga. Toboa tundu dogo katikati ya kitako chake, ujaze mchanga mkavu uliochekechwa, kisha uuning'inize kwa kamba kutoka kwenye boriti. Tandaza karatasi ndefu chini yake. Usukume mkebe uende kushoto na kulia, na mwanafunzi mmoja aivute karatasi polepole kwa mwendo ulio sawa, akielekea mbele. Mchanga utachora mpindo unaopanda na kushuka kama nyoka anayetambaa. Huo ndio mpindo ulio sahili kuliko yote, na ndivyo inavyochorwa sauti ya uma wa sauti ambao wanamuziki huutumia kupatanisha ala zao. Mkebe unakwenda polepole mno, ndiyo maana hatuusikii. Kamba ya mita 1 huchukua kama sekunde 2 kwenda na kurudi.

Sasa ifanye kamba iwe na umbo la herufi Y: funga ncha mbili juu, ziungane kwenye fundo, na kutoka kwenye fundo ushuke uzi mmoja wenye mkebe. Mkebe utakuwa na mitikisiko miwili kwa wakati mmoja. Ukienda upande mmoja unaning'inia kutoka kwenye fundo. Ukienda upande mwingine unaning'inia kutoka kwenye boriti. Kama kimo chote ni sentimita 160 na sehemu iliyo chini ya fundo ni sentimita 40, mtikisiko mmoja utakuwa na marudio maradufu ya mwingine. Usivute karatasi safari hii. Upige mkebe mshazari ukiwa umetulia katikati, nao utachora umbo la nane. Ukiupeleka kwenye kona na kuuachia tu bila kuusukuma, utachora upinde. Ukitumia sentimita 180 na 80, uwiano utakuwa 3 kwa 2, na umbo litaongezeka vitanzi.

Michoro hii haikubuniwa jana. Mfaransa Jules Lissajous aliichora kwa nuru katika miaka ya 1850: alibandika vioo vidogo kwenye uma mbili za sauti, akaakisi mwali wa nuru kutoka kioo kimoja hadi kingine, na ukutani yakatokea maumbo hayo hayo. Uwiano wa 2 kwa 1 ndio wanamuziki wanauita oktavu. Uwiano wa 3 kwa 2 ndio ule mlingano mtamu wa sauti ya kwanza na ya tano katika ngazi ya muziki. Kwa hiyo, sauti zinazopatana masikioni ndizo zinazochora maumbo yanayofunga na kujirudia. Zisizopatana huchora mtandao wenye vurugu.

Uzi mmoja, sauti nyingi

Wasomaji wetu wa hapa Uganda wanaijua endingidi, ala ya uzi mmoja. Mpigaji anapovuta upinde wake, uzi hautikisiki kwa namna moja tu. Unatikisika wote kwa ujumla, na wakati huo huo nusu zake mbili zinatikisika, na theluthi zake tatu, na robo zake nne. Kama uzi mzima una hezi 200, basi ndani ya sauti ile ile mna hezi 400, 600, 800 na kuendelea. Hizi ndizo hamoniki. Hatuzisikii moja moja, bali tunazisikia kwa pamoja kama sauti yenye ladha yake. Ndiyo maana endingidi na filimbi zikipiga noti ile ile, bado hutazichanganya.

Hisabati ya jambo hili ilitolewa na Mfaransa Joseph Fourier katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto: mpindo wowote unaojirudia, hata uwe na makunyanzi kiasi gani, unaweza kuvunjwa kuwa jumla ya mipindo sahili. Mwaka 1863 Mjerumani Hermann von Helmholtz akachapisha kitabu chake juu ya sauti na muziki, akaonyesha kwamba tofauti kati ya irabu na irabu ni suala la hamoniki zipi zimepewa nguvu.

Naye Édouard-Léon Scott de Martinville, mchapaji wa Paris, alitaka usemi ujiandike wenyewe. Mwaka 1857 alisajili chombo chenye pembe ya kupokea sauti, utando, na singa iliyokwaruza karatasi iliyopakwa masizi. Chombo hicho kiliandika sauti lakini hakikuweza kuirudisha. Michoro yake ilikaa kimya hadi mwaka 2008, pale watafiti wa Marekani walipoisoma kwa kompyuta na kuisikiliza sauti ya mtu aliyeimba mwaka 1860. Kwa maneno mengine, sauti ya binadamu ilionekana kwa macho kabla mashine ya Edison ya mwaka 1877 haijairudisha masikioni.

Irabu zetu tano

Nyuzi sauti za mwanamume anayezungumza kwa kawaida hutikisika kama mara 100 hadi 150 kwa sekunde. Za mwanamke ni kama 180 hadi 250. Tuseme msemaji ana hezi 120. Kooni pake hutoka 120, 240, 360, 480, ngazi nzima ya hamoniki. Kinywa ndicho kinachochagua. Ukitamka [a], kinywa kikiwa wazi, hamoniki zilizo karibu na hezi 700 na 1,200 ndizo hupewa nguvu. Ukitamka [i], ulimi ukiwa juu mbele, ni zile zilizo karibu na hezi 300 na 2,200. Maeneo hayo ya nguvu huitwa fomanti.

Jaribio lake ni rahisi. Mwambie mwanafunzi aimbe a, e, i, o, u kwa noti moja bila kupumua, na sauti irekodiwe. Programu ninayoitumia inaitwa Praat, neno la Kiholanzi lenye maana ya "zungumza." Iliundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, hupatikana bila malipo, na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Ukikuza mchoro, utaona mpindo unaojirudia kwa nafasi zile zile kutoka irabu hadi irabu, maana noti haikubadilika. Kinachobadilika ni umbo lililomo ndani ya kila mrudio. Hapo mwanafunzi huelewa kwa dakika mbili jambo ambalo mimi nilikuwa nikilihubiri kwa saa mbili.

Konsonanti nazo zina sura zake. [s] haina mpindo unaojirudia. Ni vurugu tupu, kama nyasi zilizopeperushwa. [p], [t] na [k] ni kimya kifupi kinachofuatwa na mlipuko. [m] na [n] ni mawimbi madogo yaliyotulia.

R na L: ushuhuda wangu mwenyewe

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili katika nchi jirani, niliwasilisha mada kuhusu lugha ya kampeni za uchaguzi. Nilisema "wananchi walipiga kula" si chini ya mara kumi. Ukumbi ulicheka, na mmoja wa wahadhiri akaniambia kwa upole kwamba ulimi wangu ni mzito. Niliuamini uzito huo kwa miaka mingi. Baadaye, nikiwa tayari mwalimu, nilirekodi sauti yangu nikitamka kura na kula mara tano tano. Michoro ilikuwa sawa. Nilikuwa na hakika nimetamka maneno mawili, lakini kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na neno moja.

Sababu inajulikana. Katika Luganda, [l] na [r] ni alofoni za fonimu moja: [r] hutokea baada ya irabu e na i, na [l] kwingineko. Kwa hiyo Mganda anayesema kalamu badala ya karamu, au piripiri badala ya pilipili, hana ulimi mzito hata kidogo. Ulimi wake unafuata kanuni, tena kwa uaminifu. Wenzetu wa Runyankole, lugha inayotumia zaidi [r], huvuta upande wao na kusema kurara badala ya kulala.

Katika mchoro, [l] ni wimbi lisilokatika. Linapungua ukubwa kidogo kuliko irabu jirani, kisha linaendelea. [r] ya Kiswahili huacha pengo: ncha ya ulimi hugonga ufizi mara moja au zaidi, na kila mgongo hukata wimbi kwa sehemu mbili au tatu hivi za mia za sekunde. Mwanafunzi akiambiwa "tafuta pengo," hulitafuta.

Dawa nimeipata katika neno la Luganda lenyewe, omuliro, yaani moto. Neno hilo lina [l] baada ya u, na [r] baada ya i. Namrekodi mwanafunzi akilitamka, namwonyesha sauti zote mbili zikiwa zimesimama pamoja kinywani mwake mwenyewe. Kisha tunahamisha pengo lile: ira, era, halafu ara, ora, ura. Kisha mahari, karamu, kura. Yule msichana wa mahari alifanya zoezi hili wiki tatu, robo saa kwa siku. Siku alipoliona pengo mahali pake, hakusema neno. Aliirudisha rekodi mwanzo na kuisikiliza tena na tena. Safari hiyo sikio lake nalo lilisikia.

Urefu, mkazo na kiimbo

Kosa jingine huonekana katika urefu wa irabu. Luganda hutofautisha okusiba (kufunga kitu) na okusiiba (kushinda siku au kufunga saumu), na tena hurefusha irabu iliyo kabla ya sauti kama mb, nd na ng. Ndiyo maana wengi wetu hutamka kiongozi tukiivuta o ya kwanza, ilhali mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika mchoro, urefu hupimwa kama nguo kwa futi. Vilevile, programu huchora mstari wa kupanda na kushuka kwa sauti. Rekodi "Amekuja." na "Amekuja?" uone tofauti, kisha barabara yenye maana ya njia na barabara yenye maana ya sawasawa, ambayo mkazo wake uko kwenye silabi ya pili.

Tahadhari

Picha isigeuzwe fimbo. Mpindo wa mwanamke hautafanana na wa mwanamume, wala wa mtoto na wa mtu mzima. Tulinganishe sura, si hezi. Chumba chenye kelele za bodaboda kitaharibu rekodi. Aidha, Waswahili wenyewe hawatamki kwa namna moja kuanzia Lamu hadi Lubumbashi. Tunachotafuta ni kwamba maneno mawili yenye maana mbili yatengane kinywani. Hatutafuti kumfanya mwanafunzi azaliwe upya pwani.

Hitimisho

Wanafunzi wetu ndio watakaofundisha Kiswahili katika shule za nchi hii, na kila mmoja atasimama mbele ya mamia ya vijana. Akifundishwa kwamba ana ulimi mzito, atawafundisha hivyo hivyo. Akiona kwa macho yake kwamba ulimi wake una kanuni, na kwamba kanuni nyingine inaweza kujifunzwa, atakuwa mwalimu wa namna tofauti. Walimu wenzangu, mkebe wa mchanga haugharimu kitu, na kompyuta moja yenye maikrofoni hutosha darasa zima. Tujaribu, kisha tupeane taarifa katika matoleo yajayo.