Je, Wajua? Kufaraguza na Taa za Ndagala

Kitenzi cha Kiingereza improvise kina asili ya Kilatini, improvisus, yaani kisichoonwa kabla. Kina maana mbili: kutunga au kucheza papo kwa papo bila maandalizi, na kutengeneza kitu kwa vifaa vilivyopo pale vinavyofaa vinapokosekana. Kiswahili kina neno zuri lenye maana hizo zote, kufaraguza. Walimu wa Tanzania hulitumia sana kwa zana za kufundishia.

Huko Rumonge, Burundi, kusini mwa Bujumbura, mfano uko ziwani. Usiku wavuvi wa Ziwa Tanganyika huunganisha mitumbwi kwa miti, wakaning'iniza wavu katikati na kuwasha taa ili kuvuta ndagala, yaani dagaa. Mtindo huo umeshakuwa desturi, kwa hiyo si ufaraguzi tena. Lakini mvuvi ambaye taa yake imekufa majini, akafunga balbu ya pikipiki kwenye betri, huyo anafaraguza hasa.

Kiingereza ni lugha rasmi Burundi tangu 2014, na wanaojifunza huchanganya improvise na improve. Hili la pili ni kuboresha, na asili yake ni nyingine kabisa.