Kura ya Mmarekani mweusi: Safari ya karibu miaka 200

Mnamo Agosti 31, 1962, mama mmoja wa miaka 44 aliabiri basi kuukuu pamoja na wenzake 17 kuelekea mji wa Indianola, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Jina lake lilikuwa Fannie Lou Hamer. Alizaliwa wa mwisho katika familia ya watoto 20, na tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuchuma pamba katika mashamba ya Wazungu. Siku hiyo hakuwa akienda sokoni wala hospitalini. Alikuwa akienda kujiandikisha kupiga kura.

Karani wa usajili alimpa kifungu cha katiba ya jimbo, akamwamuru akinakili kisha aeleze maana yake. Kilikuwa kifungu kigumu cha sheria ambacho hata wasomi wengi wangetatizika kukifafanua. Mama Hamer akaambiwa ameanguka mtihani. Walipokuwa njiani kurudi nyumbani, polisi walisimamisha basi lao na dereva akatozwa faini eti kwa sababu rangi ya basi haikufaa. Jioni hiyo mwenye shamba alimpa uamuzi: aondoe jina lake kwenye maombi ya usajili au ahame. Mama huyo alikuwa amefanya kazi hapo kwa miaka 18. Alihama usiku huo huo.

Kinachoshangaza, msomaji, ni kwamba Katiba ya Marekani ilikuwa imewakataza watawala kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake tangu mwaka wa 1870. Je, ilikuwaje haki iliyoandikwa kwa wino ikose kufika shambani kwa miaka zaidi ya 90? Ili kupata jibu, sharti turudi nyuma hadi enzi za ukoloni.

MWAKA MMOJA, MAMBO MAWILI

Waingereza walianzisha makao yao ya kwanza ya kudumu huko Marekani mwaka wa 1607, mahali walipopaita Jamestown, katika koloni la Virginia. Mnamo Julai 30, 1619, wawakilishi waliochaguliwa na walowezi walikutana katika kanisa la mji huo na kuanza kutunga sheria. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mabunge ya kuchaguliwa katika makoloni hayo.

Mwezi uliofuata, Agosti, meli moja ilitia nanga pwani ya Virginia ikiwa na Waafrika wapatao 20 waliotekwa Angola. Nahodha aliwabadilisha kwa chakula. Hivyo basi, bunge na biashara ya binadamu viliingia Virginia mwaka mmoja. Historia yote ya siasa za Marekani tangu hapo ni kama mvutano baina ya mambo hayo mawili.

Makoloni yakafikia 13. Wakazi wake walipokasirishwa na kodi walizotozwa na bunge la London ambalo wao hawakuwa na mwakilishi ndani yake, waliasi. Vita vilianza 1775, na mnamo Julai 4, 1776, wakatangaza uhuru wao. Tangazo hilo lilisema kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwandishi wake mkuu, Thomas Jefferson, alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake.

BINADAMU KWA SEHEMU TATU

Mwaka wa 1787 viongozi walikutana Philadelphia kuandika katiba. Mzozo mkubwa ulizuka: je, katika kugawa viti vya bunge, watumwa wahesabiwe? Majimbo ya kusini, yaliyokuwa na watumwa tele, yalitaka wahesabiwe wote ili yapate wabunge wengi. Yale ya kaskazini yalipinga, yakisema kwamba mtu asiyekuwa na haki yoyote hawezi kumwongezea bwana wake viti.

Maafikiano yalikuwa kwamba kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Watumwa wenyewe hawakupewa kura hata moja, lakini miili yao iliwapa mabwana zao nguvu bungeni na katika uchaguzi wa rais. Si ajabu kwamba kati ya marais watano wa kwanza, wanne walitoka Virginia, na wote wanne walikuwa na watumwa.

Hata Wazungu wenyewe hawakuwa sawa. Katika majimbo mengi, asiyekuwa na ardhi au mali hakuruhusiwa kupiga kura. Wanawake walifungiwa nje karibu kila mahali. New Jersey iliwaruhusu wachache wenye mali, kisha ikawapokonya haki hiyo mwaka wa 1807. Wenyeji asilia wa nchi hiyo nao walionekana kama wageni katika ardhi ya babu zao. Mwaka wa 1838 maelfu ya watu wa kabila la Cherokee walifukuzwa makwao na wanajeshi, na wapatao 4,000 walikufa kutokana na safari hiyo ya kuelekea magharibi.

Ilipofika miaka ya 1850, masharti ya mali yalikuwa yameondolewa kwa takriban wanaume wote Wazungu. Lakini mwaka wa 1857 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, awe mtumwa au awe huru.

VITA, NA USHINDI MFUPI

Suala la utumwa lilipasua nchi. Abraham Lincoln alipochaguliwa rais mwaka wa 1860, majimbo ya kusini yalianza kujitenga, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka 1861. Watu zaidi ya 600,000 waliangamia katika miaka minne. Wanajeshi weusi wapatao 180,000 walipigana katika jeshi la Lincoln, na hilo likawa hoja nzito: iweje mtu afae kubeba bunduki lakini asifae kupiga kura?

Baada ya vita, Katiba ilirekebishwa mara tatu. Mwaka wa 1865 utumwa ulipigwa marufuku. Mwaka wa 1868 kila aliyezaliwa nchini na kuwa chini ya sheria zake alitambuliwa kuwa raia. Mwaka wa 1870 ikawa haramu kumnyima mwanamume kura kwa sababu ya rangi au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka huo huo wa 1870, Mississippi, jimbo ambalo kabla ya vita lilikuwa na watumwa wengi kuliko Wazungu, lilimpeleka Hiram Revels mjini Washington kuwa seneta wa kwanza mweusi. Waliokuwa watumwa jana wakawa wabunge, mahakimu na wakuu wa shule.

Lakini furaha hiyo haikudumu. Magenge kama Ku Klux Klan yaliwatia watu weusi hofu kwa viboko, moto na kamba. Kisha uchaguzi wa rais wa 1876 ukaleta mgogoro, na katika kuutatua, wanajeshi wa serikali kuu waliokuwa wakiwalinda watu weusi huko kusini waliondolewa mwaka wa 1877. Kuanzia hapo, ikawa mnyonge hana haki.

UJANJA WA SHERIA

Watawala wa kusini walijua hawawezi kuandika wazi kwamba mtu mweusi asipige kura. Hivyo wakatumia ujanja. Kwanza, waliweka kodi ya kichwa: asiyekuwa na risiti ya kodi hakupiga kura. Wachumaji pamba waliolipwa kwa mikopo dukani wangeipata wapi? Pili, waliweka mtihani wa kusoma, ambao karani Mzungu ndiye aliyeutunga, kuusimamia na kuusahihisha. Tatu, ili Wazungu wasiojua kusoma wasidhurike, majimbo kadhaa yalisema kwamba yeyote ambaye baba au babu yake aliruhusiwa kupiga kura kabla ya 1867 hahitaji mtihani. Mjukuu wa mtumwa angempata wapi babu kama huyo?

Ujanja huo ulifaulu. Katika jimbo la Louisiana, wapiga kura weusi walikuwa zaidi ya 130,000 mwaka wa 1896. Kufikia 1904, walibaki 1,342.

Kwa upande wao, wanawake walikuwa wamepigania kura tangu mkutano wa Seneca Falls wa mwaka wa 1848. Kufikia Agosti 1920 ilikuwa imebaki kibali cha jimbo moja tu, na macho yote yakaelekea Tennessee. Mbunge mdogo kuliko wote, Harry Burn wa miaka 24, alitarajiwa kupinga. Mfukoni mwake, hata hivyo, alikuwa na barua kutoka kwa mama yake ikimsihi awaunge mkono wanawake. Alibadilisha msimamo na hoja ikapita. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba kijana hakosei akifuata shauri la mama yake.

Hata hivyo, mwanamke mweusi wa kusini alijikuta palepale alipokuwa mwanamume wake: mbele ya karani na mtihani wake. Fannie Lou Hamer alikuwa na miaka miwili wakati huo. Angesubiri miaka mingine 42 kabla ya kufika Indianola.

NAIROBI, ATLANTA NA SELMA

Ukuta huo ulianza kubomolewa kidogo kidogo mahakamani. Wakili mweusi Thurgood Marshall alishinda kesi mwaka wa 1944 iliyokomesha uchaguzi wa mchujo wa Wazungu peke yao huko Texas, na mwaka wa 1954 akashinda kesi nyingine iliyoharamisha kutenganisha watoto shuleni kwa misingi ya rangi. Wakili huyo ndiye aliyekuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka wa 1960.

Huo haukuwa uhusiano pekee na Kenya. Desemba 1963, mwezi ule ule Kenya ilipopata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga alizuru Atlanta akiwa waziri. Vijana wa chama cha wanafunzi wapigania haki, SNCC, walimtembelea hotelini. Walipotoka, waliingia mkahawa wa jirani, wakanyimwa huduma kwa sababu ya rangi, wakakataa kuondoka na wakakamatwa. Kisa hicho kilitungiwa wimbo uliobeba jina la Odinga.

Oktoba 1964, mwenyekiti wa chama hicho, John Lewis, kijana wa miaka 24, alikuwa Nairobi. Katika hoteli ya New Stanley alikutana kwa bahati na Malcolm X, nao wakazungumza kwa muda mrefu kuhusu Afrika na mapambano ya kwao. Miezi minne baadaye Malcolm X aliuawa New York kwa risasi. Lewis naye alikuwa akielekea Selma.

Katika wilaya iliyozunguka mji huo wa Alabama, nusu ya wakazi walikuwa weusi, lakini ni takriban wawili tu kati ya kila watu wazima 100 weusi walioandikishwa kupiga kura. Jumapili, Machi 7, 1965, watu wapatao 600 walianza kutembea kuelekea mji mkuu wa jimbo, Montgomery. Walipovuka daraja la Edmund Pettus, polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Lewis alipasuliwa fuvu la kichwa. Jioni hiyo mamilioni ya Wamarekani waliyaona hayo katika televisheni sebuleni mwao.

Wiki mbili baadaye, wakiongozwa na Martin Luther King, walianza tena, safari hii chini ya ulinzi wa wanajeshi. Walipofika Montgomery Machi 25, walikuwa wapatao 25,000.

BANDU BANDU HUISHA GOGO

Agosti 6, 1965, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Mitihani ilisimamishwa katika majimbo yenye rekodi mbaya, na maafisa wa serikali kuu wakapewa uwezo wa kuandikisha watu wenyewe. Majimbo hayo pia hayakuruhusiwa kubadili kanuni za uchaguzi bila kibali cha Washington. Huko Mississippi, watu weusi walioandikishwa walipanda kutoka takriban asilimia 7 mwaka wa 1965 hadi karibu asilimia 60 mwaka wa 1967. Miaka 189 ilikuwa imepita tangu tangazo la kwamba watu wote wameumbwa sawa.

Mwaka wa 1971 umri wa kupiga kura ulishushwa kutoka miaka 21 hadi 18, wakati ambapo vijana wa umri huo walikuwa wakipelekwa vitani Vietnam. Mwaka wa 2008 Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, alichaguliwa rais, na Kenya ikatangaza siku ya mapumziko.

Lakini haki si kama nyumba ya mawe ambayo ukishaijenga unastarehe. Ni kama paa la makuti. Usipolitazama, mvua itakukumbusha. Mwaka wa 2013 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ilifuta kipimo kilichotumika kuyalazimisha majimbo fulani yaombe kibali, na tangu hapo mabishano kuhusu vitambulisho, mipaka ya maeneo ya uwakilishi na orodha za wapiga kura yamerejea kwa nguvu. John Lewis, ambaye alikuwa mbunge tangu 1987, aliendelea kupigania sheria hiyo irejeshewe meno hadi alipofariki Julai 2020.

Kwa mwanafunzi wa historia, somo hapa ni kutazama zaidi ya maandishi. Unaposoma katiba yoyote, usiulize tu imesema nini. Uliza karani ni nani, mtihani anautunga nani, na aliyeambiwa ameanguka atakata rufaa wapi.