Mwenzako akipungua uzito kwa upasuaji, ndoa nayo hubadilika

Mumeo au mkeo amehangaika na unene kwa miaka mingi. Amejaribu kujinyima chakula, kutembea alfajiri na kunywa dawa za kila aina, lakini kila mara uzito umerudi. Sasa daktari amemshauri afanyiwe upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo.

Je, wewe utakayebaki naye nyumbani umejiandaa?

Swali hili si la mzaha. Wengi huuliza kuhusu gharama, maumivu na siku za kulazwa. Ni wachache wanaouliza jinsi watu wawili waliozoeana watakavyoishi pamoja wakati mmoja wao anabadilika umbo, tabia na pengine hata mawazo.

Unene wa kupindukia si jambo geni nchini. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Kwa wanaume idadi hiyo ilikuwa 19.

Kuna aina mbili za upasuaji zinazotumiwa zaidi. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, akabakisha sehemu nyembamba yenye umbo la ndizi. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo cha takriban mililita 30, yaani kiasi cha vijiko viwili vikubwa, kisha akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba.

Mgonjwa hushiba upesi, na homoni zinazoleta njaa hubadilika pia. Wengi hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wao, hasa katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza.

Mabadiliko huanzia mezani

Wiki za kwanza mwenzako atakunywa vitu vya majimaji tu, kisha vyakula vilivyopondwa, na baadaye chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo mno. Akila haraka atatapika. Akinywa soda au kula vitu vyenye sukari nyingi, huenda akatokwa jasho, moyo ukaenda mbio na akaharisha.

Kwetu sisi, chakula ni mapenzi na heshima. Mke aliyezoea kumpakulia mumewe sahani iliyojaa huweza kudhani mapishi yake yamechukiza. Wanandoa waliokuwa wakienda kula nyama choma kila Jumamosi hujikuta hawana tena mahali pa kukutana. Na ukienda naye kwa wakwe, atakapoacha pilau baada ya vijiko vitatu, mwenyeji ataona amedharauliwa.

Yafaa jambo hili mlizungumze mapema. Tafuteni kitu kingine cha kufanya pamoja, kama vile kutembea jioni, na waelezeni jamaa wa karibu kabla ya kuwatembelea.

Kisha kuna maneno ya watu. Katika mitaa yetu mtu akikonda ghafla huanza kunong'onwa kuwa ana ukimwi, au kwamba mumewe hamlishi. Kubalianeni ni nani atakayeambiwa ukweli na ni nani atakayejibiwa kwa mkato. Siri ya upasuaji ni ya aliyepasuliwa; usiitangaze bila idhini yake.

Wivu na hasira

Mwenzako akianza kununua nguo mpya, kusifiwa kazini na kutoka mara kwa mara, usishangae ukiona wivu umekuingia. Aliyezoea kumbembeleza mke mnyonge huona vigumu kuishi na mke anayesema "hapana" bila kuogopa.

Naye aliyepungua huwa na machungu yake. Hukasirika akiona wale waliompuuza alipokuwa mnene sasa wanamsalimu kwa bashasha. Huenda akakuuliza iwapo na wewe ulimpenda kweli wakati ule. Usilijibu swali hilo kwa kicheko.

Ikiwa wewe pia ni mnene, huenda ukahisi unashutumiwa bila neno kutamkwa. Wapo wanaoleta chipsi na keki nyumbani makusudi, wakisema "onja tu kidogo". Ukijiona unafanya hivyo, jiulize unachoogopa kupoteza.

Uchunguzi uliofanywa nchini Uswidi na kuchapishwa mwaka 2018 ulibaini kuwa kutengana na talaka vilikuwa vingi zaidi kwa waliofanyiwa upasuaji huu kuliko kwa wanene wenzao ambao hawakufanyiwa. Hata hivyo, waliokuwa wapweke walipata wachumba kwa wingi zaidi. Huko Marekani, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha mwelekeo kama huo, lakini ndoa nyingi mno zilidumu. Upasuaji hauvunji nyumba, ila huweza kufichua nyufa za zamani.

Chumbani, wengi hupata nafuu kwa kuwa mwili umekuwa mwepesi. Lakini ngozi hulegea tumboni na mapajani, na nywele huweza kupukutika miezi michache baada ya upasuaji. Mtu aliyetarajia kuwa mrembo huona aibu kuvua nguo. Mpe muda, wala usimtanie.

Jihadharini pia na mimba. Uwezo wa kushika mimba huongezeka uzito unapopungua, ilhali madaktari hushauri mwanamke angoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Tembe za kupanga uzazi huenda zisifyonzwe vizuri baada ya upasuaji unaounganisha kifuko na utumbo, kwa hivyo muulizeni daktari njia nyingine.

Dalili za kutopuuzwa

Yule aliyekuwa akijiliwaza kwa chakula huweza kuhamia kwenye chupa. Baada ya upasuaji huo wa kuunganisha utumbo, pombe huingia katika damu upesi na kulevya kwa kiasi kidogo. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kuwa matatizo ya ulevi yaliongezeka kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi 9.6 katika mwaka wa pili.

Wengine huingiwa na huzuni nzito, hasa uzito unapoacha kupungua au unapoanza kurudi. Ukimwona mwenzako halali, hataki kuonana na watu au anasema afadhali afe, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya kliniki.

Je, ufanye nini? Kwanza, fuatana naye kwa daktari na kwa mtaalamu wa lishe kabla ya upasuaji, uyasikie maelezo kwa masikio yako. Pili, msaidie kukumbuka vitamini na madini, ambavyo atavitumia maishani mwake mwote. Tatu, usiwe askari wa sahani yake. Nne, eleza hisia zako kwa upole. Kusema "ninaogopa utaniacha" ni bora kuliko kupekua simu yake.

Tano, mkishindwa kuelewana, mwoneni mshauri wa ndoa mapema. Wengi huenda huko wakiwa wamekwisha kufungasha virago.

Mwenzako aliingia chumba cha upasuaji kwa ajili ya moyo wake, magoti yake na sukari yake. Wewe hukupasuliwa, lakini nawe unahitaji muda wa kupona na kuizoea hali mpya. Mwambie hivyo, nawe umsikilize atakapokueleza yake.